Unamwajiri Mbunifu? Mwulize Amemsikiliza Nani

Chama cha msingi cha kahawa kinapotafuta dereva, kamati inajua la kuuliza. Leseni yako iko wapi? Umewahi kupandisha gari milima ya Litembo wakati wa masika? Kinapotafuta seremala, wajumbe wanakwenda kuzishika meza alizozitengeneza na kuzitikisa. Lakini siku hizi mezani pa waajiri wetu zinafika barua za aina nyingine. Kijana, na pengine ni binti, anaandika kwamba yeye ni mbunifu wa bidhaa za kidijitali na anaomba kazi. Wajumbe wanatazamana. Mmoja anauliza kama huyu ndiye wa kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Mwingine anadhani ni mchora kadi za harusi. Mwishowe barua inafunikwa na barua nyingine, au kijana anaajiriwa kwa kuwa maombi yake yana rangi za kupendeza. Kwa njia zote mbili chama kinapata hasara.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba jambo hili ni la watu wa Dar es Salaam peke yao. Chama cha ushirika cha Mbinga, hospitali ya kanisa, shule ya sekondari ya jimbo, SACCOS ya walimu, au kikundi cha akina mama wauza dagaa kule Mbamba Bay, vyote vinaweza siku moja kuhitaji programu ya simu ya kutunza hesabu au kutoa taarifa. Na kwenye bodi na kamati za vyombo hivyo wamo akina mama kama wewe. Siku ya usaili utaombwa uulize swali. Je, utauliza nini?

Mwenye kulipa ni nani?

Kwanza tuone kwa nini jambo hili ni zito. Siku hizi fedha za kahawa, ada za watoto na akiba za vikundi hupitia kwenye simu. Simu ikionyesha maneno ambayo mama hayaelewi, yeye hufanya lile ambalo wengi wetu tumeliona likifanyika: humpa mpwa wake simu, au humpa mtu wa dukani, na pamoja na simu humpa namba yake ya siri. Siku fedha zinapopungua hakuna anayejua pa kuanzia kuuliza. Ugomvi unaingia nyumbani, na mama anaambiwa kwamba kosa ni lake kwa sababu hakusoma.

Je, ni kweli kosa ni lake? Profesa mmoja wa Marekani, Donald Norman, aliandika kitabu mwaka 1988 kuhusu vitu tunavyovitumia kila siku, kama milango, mabomba na majiko. Alifundisha kwamba watu wengi wakikosea kwenye chombo kilekile, tusiwalaumu watu, bali tukikague chombo. Mlango ambao kila mgeni anausukuma badala ya kuuvuta umetengenezwa vibaya. Vivyo hivyo programu inayomlazimisha mama kutoa siri yake kwa mtu mwingine imetengenezwa vibaya, hata kama inang'aa namna gani. Yule ambaye kazi yake ni kuzuia jambo hilo lisitokee ndiye mbunifu tunayemzungumzia.

Mbunifu huyu ni mtu wa namna gani?

Bidhaa ya kidijitali ni kitu chochote ambacho mtu anakitumia kwa njia ya simu au kompyuta: huduma ya kutuma fedha, daftari la mauzo lililomo kwenye simu, au ukurasa wa kuandikisha wagonjwa. Ili kitu hicho kipatikane, watu wa aina mbalimbali hufanya kazi pamoja, kama vile kwenye ujenzi wa nyumba. Yuko mchora ramani, yuko mwashi, na yuko mpaka rangi. Mwandishi wa programu ni mwashi, yeye hufanya chombo kisimame. Mchora nembo na matangazo ni kama mpaka rangi. Mbunifu wa bidhaa ni yule mchora ramani, ambaye kabla ya kuchora chochote amekaa na familia akauliza: Mnalala wangapi? Bibi anapanda ngazi? Moshi wa jikoni utatokea wapi?

Kwa hiyo mbunifu huamua kitu gani kionekane kwanza kwenye kioo cha simu, neno gani liandikwe, mtu akikosea arudi vipi nyuma, na mtandao ukikatika katikati ya kazi nini kitatokea. Anaweza kuwa mchoraji hodari au asiwe. Lililo kubwa ni kwamba awe amemjua mtumiaji. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kazi ya mbunifu ni kuulizia kunguni wa kitanda ambacho yeye mwenyewe hakilalii.

Tunayo mifano yetu wenyewe

Wako wanaodhani kwamba ubunifu wa namna hii umetoka Ulaya na Marekani. La hasha. Tazama mashamba ya ngoro hapa Umatengo. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasonga Wamatengo milimani, na huko walipaswa kulima kwenye miteremko mikali bila kuiacha mvua iondoe udongo. Wakabuni ngoro. Majani hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana hadi yafanye miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikwa juu ya majani hayo. Kwa desturi kufyeka na kupanga majani ilikuwa kazi ya wanaume, na kuchimba ilikuwa kazi ya wanawake. Maharage hupandwa kwenye matuta, na baadaye mahindi. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kukimbia bondeni, na majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea.

Hakuna cheti kilichotolewa kwa aliyebuni ngoro. Alitazama mteremko, akatazama mvua, akatazama njaa ya watoto wake, akajaribu. Ndiyo hatua zilezile za mbunifu mzuri wa leo: kutazama, kujaribu, kurekebisha. Hata watu wa ziwani wanalijua hilo, maana mtumbwi unaowapeleka kuvua haukuchongwa na mtu asiyeyajua mawimbi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mfano wa pili ni wa simu zetu. Mwezi Oktoba 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza kufanya majaribio ya huduma mpya huko Kenya zikishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu. Kusudi lilikuwa wakopaji waweze kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa mwanamke, Susie Lonie. Yeye na wenzake hawakukaa ofisini kungoja taarifa, bali waliangalia watu wanavyoitumia huduma ile. Wakaona jambo ambalo hawakulitazamia: watu walikuwa wanatumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliweka fedha mwanzoni mwa safari wakazitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Kwa hiyo M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikafika Tanzania. Kama wasingetazama, huenda leo mwanao aliyeko Songea asingeweza kukutumia fedha za chumvi kwa kubonyeza *150*00#.

Mfano wa tatu unatugusa akina mama zaidi. Mwezi Novemba 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni nchini mwetu. Mama mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, kisha akapokea ujumbe wa Kiswahili unaolingana na umri wa mimba yake, bila kulipa chochote. Waliobuni mpango huo wangeweza kutengeneza kitu cha fahari kwa simu kubwa za bei ghali. Wao walichagua ujumbe mfupi wa kawaida, kwa sababu unafika hata kwenye simu ndogo ya tochi. Uamuzi wa namna hiyo ndio kazi ya ubunifu.

Kabla ya kutangaza nafasi

Sasa turudi mezani pa kamati. Kosa la kwanza la waajiri hutokea kabla hata tangazo halijaandikwa. Kamati inasema, "Tunataka programu," lakini haisemi programu hiyo itamwondolea nani taabu gani. Bwana Yesu alitufundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama (Lk. 14:28). Basi ketini, mwandike kwa sentensi mbili tu. Kwa mfano: "Wanachama wetu hawajui kahawa waliyopeleka imefikia kilo ngapi mpaka waje ofisini. Tunataka kila mmoja ajue siku ileile, hata asiye na simu kubwa." Mwombaji mzuri akisoma maneno hayo ataanza kufikiri palepale.

Kosa la pili ni tangazo lenyewe. Matangazo mengi hunakili majina ya programu za kuchorea, moja baada ya jingine, kana kwamba tunaajiri penseli na si mwenye kuishika. Programu ya kuchorea mtu anaweza kujifunza kwa majuma machache. Moyo wa kumsikiliza mama asiyejua kusoma vizuri haupatikani kwa majuma machache. Msidai pia shahada yenye jina la kazi hiyo. Wengi wanaoifanya walitoka kwenye kompyuta, uchoraji, ualimu au uandishi wa habari. Wengine walianzia kwenye mafunzo kama yale ya Apps and Girls, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013 na Carolyne Ekyarisiima ili kuwafundisha wasichana utaalamu wa kompyuta. Mkikata majina kwa kutazama vyeti tu, mtampoteza aliye bora kabla hamjamwona.

Andikeni pia mshahara au kiasi mlichotenga. Kuficha ujira ni kupoteza muda wa watu wote.

Siku ya usaili

Mbunifu huja na mkusanyo wa kazi alizokwisha kufanya, ama kwenye karatasi ama kwenye simu. Hapo ndipo wajumbe wengi hudanganyika kwa uzuri wa picha. Usiseme "inapendeza" ukageuza ukurasa. Chagua kazi moja tu, umwulize maswali haya:

1. Kazi hii ilikuwa ya kumsaidia nani, na alikuwa na taabu gani?
2. Ulizungumza na watu wangapi kati yao, na uliwakuta wapi?
3. Ni jambo gani ulilodhani ni sahihi, halafu watu wakakuonyesha kwamba sivyo?
4. Ulibadilisha nini baada ya hapo?
5. Sehemu gani ni yako, na sehemu gani ilifanywa na wenzako?

Swali la tatu ni kipimo kikubwa. Asiye na jibu huenda hajawahi kuwaonyesha watu kazi yake. Anayejibu kwa furaha, akieleza jinsi muuza mboga mmoja alivyoibomoa michoro yake yote, huyo mwangalieni sana. Na swali la tano litawatenganisha waliofanya kazi na waliopita karibu na kazi.

Tena, msiwe wataalamu watupu kwenye jopo. Mwiteni mwanachama mmoja atakayeitumia programu hiyo. Mtazameni kijana anavyoongea naye. Je, anamsalimia vizuri? Anamngoja amalize sentensi? Anatumia maneno magumu ili aonekane msomi? Kumheshimu mkubwa ni adabu njema popote, lakini katika kazi hii ni sehemu ya ufundi wenyewe, maana mtu hamwambii ukweli wa taabu zake yule anayemdharau.

Jaribio la karatasi na penseli

Baada ya maswali, mpeni mwombaji kazi ndogo. Haihitaji kompyuta wala umeme. Mpeni karatasi, achore kioo cha simu chenye hatua tatu au nne za kumwonyesha mkulima kilo zake. Kisha awape karatasi hizo akina mama wachache, mmoja mmoja, wabonyeze kwa kidole mahali wanapoona panafaa, naye akae kimya na kutazama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya chombo. Watu watano hawakosekani kwenye foleni ya kupima kahawa.

Mtayaona mengi kwa nusu saa. Pengine kitufe kimeandikwa "Wasilisha" na mama amekwama, lakini kikiandikwa "Tuma" anakibonyeza mara moja. Pengine kuna alama ya gurudumu lenye meno ambayo kijana anajua ni mahali pa kupangia mambo, lakini mama anaona ni sprocketi ya baiskeli. Huku kwetu watu huzungumza Kimatengo, Kingoni, Kimanda, Kimpoto na Kinyasa majumbani, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo kuchagua neno jepesi la Kiswahili si mapambo, ni nusu ya kazi.

Tena mahali pa kujaribia pawe mahali pa kazi. Kinachoonekana vizuri ofisini Mbinga mjini kinaweza kushindwa ufukoni. Mama anayenunua dagaa mitumbwi inapofika asubuhi ana mikono iliyolowa na yenye magamba, jua linaakisi kwenye kioo, na wenzake wanagombea bei. Hana nafasi ya kuandika maneno ishirini. Huenda anahitaji namba tatu tu za kubonyeza. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilometa 67, basi mbunifu asiyetaka kushuka huko hata siku moja asiwabunie akina mama wa huko kitu.

Mkimpa jaribio kubwa zaidi ya hilo, mlipeni. Si haki kuwaita vijana kumi, kuchukua mawazo yao yote, kisha kuyatumia bila kumwajiri hata mmoja. Neno la Mungu linakemea mno anayemfanyisha mwenzake kazi bila ujira (Yer. 22:13, Yak. 5:4), wala halikusema kwamba kazi ya kichwa si kazi.

Haki, mkataba na siri za watu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mwombaji kwa sababu ya jinsia, ndoa, ujauzito au ulemavu. Basi lile swali la "utaolewa lini" lisisikike tena kwenye usaili wetu, hasa likitoka kinywani mwa mwanamke mwenzake.

Akishapatikana, andikeni mkataba. Uoneshe kazi ni ipi, italipwa kwa awamu gani, michoro itakuwa mali ya nani, na nywila zote zitakabidhiwa wapi. Chama ambacho nywila zake anazo mtu mmoja kinaweza kubaki nje ya mlango wake chenyewe siku mtu huyo akiondoka. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina, namba za simu, madeni na maradhi ya watu si vitu vya kuachwa wazi. Mbunifu mwangalifu atawauliza mwenyewe, "Je, taarifa hii tunaihitaji kweli?" Kama hatuihitaji, tusiikusanye.

Akishaanza kazi

Iko hasara nyingine inayokuja baada ya kuajiri. Kijana anafika, na kwa kuwa yeye ni "mtu wa kompyuta", anapewa kuchapa barua, kufungua mashine ya kuchapia iliyokwama karatasi, na kutengeneza kadi za mchango wa harusi ya binti wa mwenyekiti. Mwaka unapita, programu haipo, na bodi inasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Mpeni nafasi ya kwenda kwa watu, angalau siku chache kila mwezi. Mpeni mwandishi wa programu wa kushirikiana naye, kwa maana mchora ramani peke yake hajengi nyumba. Na akiwaletea habari kwamba wanachama hawakipendi kile kilichopendwa na mwenyekiti, msimnunie. Hiyo ndiyo kazi mliyomwajiri aifanye.

Na wewe mzazi ambaye binti yako ameichagua kazi hii, usimcheke kwamba anachezea simu. Mwulize maswali yaleyale matano. Mruhusu aje kanisani, sokoni na kwenye kikundi chako kuwatazama watu na kujifunza. Utakuwa umemsaidia kuliko kumnunulia kompyuta mpya.

Bwana huangalia nini?

Mungu alipotaka hema lake litengenezwe, hakumtafuta mtu yeyote aliyekuwa karibu. Alimtaja Bezaleli kwa jina, akamjaza roho yake, hekima na ujuzi wa kila kazi, akampa na Oholiabu awe msaidizi wake (Kut. 31:1-6). Na Maandiko hayakuwasahau wanawake wenye hekima mioyoni waliosokota kwa mikono yao (Kut. 35:25-26). Ubunifu ni kipawa, na kipawa kina mwenyewe aliyekitoa. Kukidharau kwa kuwa hatukijui jina lake si unyenyekevu.

Samweli naye alikuwa na kazi ya kuchagua mtu. Alipomwona Eliabu, kimo chake na sura yake, alidhani usaili umekwisha. Bwana akamkataza. Watoto saba wa Yese wakapita, na bado aliyetakiwa hakuwemo ndani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwita. Alikuwa malishoni na kondoo (1 Sam. 16:6-12). Wajumbe wa kamati, mkiona barua zote zenye vyeti virefu zimesomwa na moyo bado haujatulia, zirudieni zile mlizozifunika chini. Huenda humo yumo binti ambaye amekaa mwaka mzima akiwasikiliza wauza samaki, naye anangoja tu mtu amwulize amesikia nini.